Meneja Hakukosea Kona

Kwanza niseme wazi, nisije nikasingiziwa wema: mimi yule sungura nilimtaka sufuriani. Nilimtaka na vitunguu, nyanya mbili na bizari kidogo. Wanaosema Mama Noela wa Lizaboni alikuwa na huruma tangu mwanzo hawakuwepo, na waliokuwepo wananijua.

Ulikuwa mwaka 1993, mwaka ambao mume wangu Rupert alipunguzwa kazi. Siku hizo kupunguzwa kulikuwa kunapita mjini Songea nyumba kwa nyumba. Mtu analala mtunza ghala, anaamka hana ghala. Rupert alikuwa ametunza ghala la tumbaku miaka kumi na tisa. Mzigo wa Namtumbo ukiingia, ni yeye anayeukagua. Anashika jani moja, analipapasa, analinusa, halafu anakuambia limekaa siku ngapi tangu litoke kukaushwa, na hakosei. Mwezi wa sita wakampa barua yenye sahihi ya meneja na mhuri juu yake, wakamwambia ahsante kwa utumishi wako.

Basi akarudi nyumbani akakaa. Jamani, mwanaume kukaa nyumbani si mchezo. Mimi nina cherehani yangu barazani, nashona tangu asubuhi, na yeye huyo nyuma yangu. Alipanga mifuniko ya sufuria zangu kwa ukubwa. Alinipangia kuni. Siku moja nilimkuta jikoni anakagua dagaa mmoja mmoja, wazuri upande huu, waliovunjika upande ule, nikamwambia, "Baba Noela, hawa hawaendi kusafirishwa nje. Wanakwenda tumboni." Akaokota dagaa mwingine. Alikuwa na ukimya fulani tangu ile barua, na mimi ukimya wa mtu huwa unanitia hasira kuliko matusi.

Kila aliyepunguzwa alianzisha mradi. Huyu kuku wa mayai, yule genge la nyanya, mwingine mitumba. Joachim wa Msamala, aliyekuwa naye ghalani, alianzisha sungura, na kwa urafiki akampa Rupert wawili wa miezi miwili, dume na jike. Rupert akajenga banda nyuma ya jiko, banda zuri, akaweka na komeo. Siku ya pili tukaamka banda limebomolewa ubavuni. Kicheche alikuwa ameondoka na jike. Dume tulimkuta amejibana kwenye kona anatetemeka, nyama ya kutosha watu wawili ikiwa hawana njaa sana.

Rupert akamwingiza ndani.

"Siku mbili tu," akasema.

"Siku mbili zako nazijua. Ulisema siku mbili juu ya ile baiskeli mbovu, ina mwaka wa tano ukutani."

Jioni ile nikamsikia anamwita Meneja. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Anakula, anakutazama, na ukimuuliza jambo hana jibu."

Sasa mtu asiyejua sebule yangu hawezi kunielewa. Sakafu yangu ni ya saruji nyekundu. Naipaka polishi ya kopo kila Jumamosi na kuisugua kwa magoti yangu haya mpaka ukiinama unajiona. Makochi yana vitambaa nilivyofuma mwenyewe. Siku ya kwanza ya Meneja ndani nilikuta gololi zake kwenye sakafu, kwenye vitambaa, ndani ya kiatu cha kanisani na ndani ya kikapu cha nguo za wateja. Nasema gololi kwa adabu, kila mtu anaelewa. Na kwenye gauni jeupe la Komunyo ya Kwanza, la mtoto wa watu, aliweka maji.

Nilishika kisu. Simung'unyi maneno. Rupert alisimama mlangoni na yule mdudu kifuani, na mwalimu Tumpe, mpangaji wetu wa chumba cha uani, akatoka kuona kuna nini. Tumpe ni Mnyakyusa wa Tukuyu, alikuwa amehamishiwa huku kufundisha. Ni Mmoraviani, na mambo yetu sisi Wakatoliki aliyatazama kama mtu aliyeingia mpirani bila kiingilio.

"Mama, shikamoo," akasema, akikitazama kisu.

"Marahaba. Ukae hapo hapo, uwe shahidi."

Nikatoa masharti. Rupert alikuwa amesema sungura anaweza kufundishwa kwenda chooni ndani ya nyumba, Joachim amemwambia. Vizuri. Nikampa muda mpaka Jumapili ya kwanza ya Majilio, wiki nne kabla ya Noeli, miezi miwili mizima. Kuanzia Jumapili hiyo, gololi moja nikiikuta nje ya choo chake, moja tu, Noeli tunakula nyama.

"Na asipokosea mpaka Noeli?" Rupert akauliza.

"Atakaa humu ndani mpaka afe kwa uzee."

Nilisema hivyo kwa sababu nilijua haiwezekani. Sungura kujua choo? Hapo Lizaboni kulikuwa na watu wazima hawajui.

Rupert akaanza kazi. Alichukua dumu la lita ishirini la mafuta ya kula, akalipasua ubavuni, akapitisha kingo zake motoni zisimkate Meneja miguu. Ndani akaweka maranda ya kwa fundi seremala. Akamshika Meneja, akamtia humo, akamwambia, "Hapa." Meneja akaruka nje. Akamrudisha. Akaruka. Siku tatu nilikanyaga cherehani nikisikia hapa, hapa, hapa, na kila baada ya hapa, miguu minne sakafuni kwangu. Nilicheka mpaka uzi ukakatika.

Siku ya nne aliacha. Aliketi kwenye kiti, mikono magotini, akamtazama tu. Alimtazama asubuhi hadi adhuhuri kama alivyokuwa akitazama mzigo wa tumbaku. Mchana akaniita.

"Mama Noela, nilikuwa nafanya upumbavu. Yeye tayari ana kona yake. Mimi ndiye sijaiona."

Kona yenyewe ilikuwa ya kushoto, ile inayotazamana na mlango, nyuma ya kimeza kidogo. Chini ya kimeza ndipo Rupert alipoweka faili lake la kazi, miaka kumi na tisa ya barua ndani yake. Alipolivuta, lilikuwa limelowa. Akalifungua. Barua ya juu kabisa ilikuwa ile ya mwezi wa sita, na sahihi ya meneja ilikuwa imeyeyuka yote, imebaki bluu tupu inayochuruzika mpaka kwenye mhuri.

Nikajisemea, leo huyu sungura amekwisha, na wala si kwa kisu changu. Rupert aliitazama ile barua kwa muda. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaketi chini kwenye sakafu yangu, akafuta machozi kwa mkono wa shati, na sungura akaja kumnusa goti. Tangu mwezi wa sita nilikuwa sijausikia ule mlio. Ulinifurahisha, lakini sikumwambia, maana ningemwambia angezidi.

Toka siku hiyo akawa mtu mwenye kazi. Dumu likawekwa kwenye kona ile ile. Gololi zote alizookota zikatiwa ndani ya dumu, na kitambaa chenye mkojo pia, ili Meneja akinusa ajue kwake ni wapi. Penginepo pote palipochafuka akapasugua kwa ndimu, harufu iondoke. Akazungushia mabanzi eneo dogo la ukubwa wa mkeka, Meneja akaishi humo wiki nzima, na alipokuwa hakosei tena ndipo akaongezewa nafasi kidogo, kisha kidogo tena. Kukosea alikosea. Akikosea, Rupert hamgombezi. Anaokota, anatia kwenye dumu, anasugua ndimu.

"Mpige kidogo," nilimshauri.

"Ukimpiga anajifunza kukuogopa wewe. Choo hajifunzi."

"Mimi nimekugombeza wewe miaka ishirini na sita."

"Na umenifundisha nini?"

Nikaendelea kupinda marinda.

Jambo lililomaliza kazi lilikuwa nyasi. Rupert aligundua kwamba Meneja anapotafuna ndipo anapojisaidia, vyote kwa wakati mmoja, hana aibu. Basi akaweka nyasi kavu juu ya maranda, ndani ya dumu lenyewe. Meneja akahamia huko kabisa. Akisikia njaa yumo, akishiba yumo, gololi zinadondoka chini ya nyasi, sakafu yangu safi. Mwezi wa kumi Rupert alikuwa anakwenda kila siku kukata nyasi njia ya Matogoro, anazianika juu ya bati la jiko, anazigeuza na kuzinusa. Kabla mvua haijaanza alikuwa amejaza magunia mawili. Akayaweka chini ya kitanda chetu. Mimi, mke wa ndoa ya kanisani, nikawa nalala juu ya chakula cha sungura.

Majilio yakafika. Jumapili ya kwanza, sakafu safi. Ya pili, safi. Kila asubuhi nilipiga magoti, nikachungulia chini ya makochi kwa tochi, na Tumpe akipita anauliza, "Mama, leo tunakula?" Hatukula. Na mimi nilikuwa na siri.

Mwaka ule zamu ya jumuiya ilikuwa kwetu. Kila mkesha wa Noeli, mchana, jumuiya yetu ndogo ilisali kwenye nyumba moja, na nyumba hiyo ndiyo inayoweka pango la Mtoto Yesu na kulisha watu. Mwenyekiti wetu alikuwa Mama Kunegunda, mwanamke wa kilo tisini na maneno machache. Mwezi wa kumi alikuwa amenishika mkono baada ya misa akaniuliza, mbele za watu, "Mama Noela, mzee hana kazi siku hizi. Zamu mtaiweza? Kama ni shida tuihamishe." Nikamwambia hakuna shida yoyote, njooni, nyama ipo. Nyama gani? Ile yenye masikio. Nilikuwa na uhakika atakosea.

Basi wiki ya tatu ya Majilio shetani alinipitia. Wengine huwa wanasingizia, mimi nasema kweli, alipita na mimi nikamfungulia mlango. Rupert alikuwa ameenda kwa seremala. Nilichota gololi tatu kutoka kwenye dumu, nikaziweka chini ya kochi. Nikaketi kwenye cherehani. Aliporudi nikasema, "Baba Noela, hebu njoo uone."

Alipiga magoti. Aliziona. Uso wake ulibadilika ukawa ule wa mwezi wa sita, lakini nikakaza shingo. Halafu akaokota moja. Akaiviringisha kati ya vidole. Akaiminya. Akaivunja, akaitazama ndani, akainusa, na Tumpe aliyekuwa mlangoni akageuza uso.

"Hizi ni za jana asubuhi," Rupert akasema. "Ni kavu mpaka katikati. Leo asubuhi nilipiga deki chini ya hili kochi mwenyewe." Akazikunja kiganjani. "Zimesafiri."

Hakuniuliza zimesafiri kwa miguu ya nani. Alizirudisha kwenye dumu, akanitazama mara moja tu, akaenda kunawa. Ningependa angenitukana. Nilishona gauni zima siku ile mikono nje ndani.

Mkesha ukafika, na mvua. Asubuhi Mama Kunegunda akatuma ujumbe kwa mtoto: pangoni tuweke nyasi kavu, tusiweke majani mabichi, maana mwaka jana kwa watu fulani yalioza na Mtoto Yesu akatoka na madoa ya kijani mgongoni. Nyasi kavu, Songea, Desemba. Mvua ina mwezi mzima, kila kitu kimelowa mpaka kuni. Nani ana nyasi kavu?

Nilikuwa nalala juu yake.

Rupert alikuwa amekwenda Msamala kumsalimia Joachim. Nikavuta gunia, nikachota mikono miwili ya nyasi. Zilikuwa nzuri, zinanukia jua. Pango nikalijenga kwa maboksi na karatasi za mifuko ya saruji, nikapanga wachungaji, ngamia, Maria na Yosefu. Na liwekwe wapi? Mtu anayeingia alione kwanza. Kona ya kushoto, inayotazamana na mlango. Dumu lilikuwa pale. Nikalibeba, nikalifungia stoo, kwani nani anaweka choo cha sungura mbele ya mwenyekiti wa jumuiya? Meneja nikamfungia chumbani. Mungu ananiona, safari hii sikuwa na hila. Nilikuwa na haraka tu, na vitunguu vya kukata, maana maji nilikuwa nimekwisha kuyabandika jikoni. Moyoni nilijiambia, bado siku moja, lolote laweza kutokea.

Saa nane watu wakajaa. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, viti vikaisha, watoto wakakaa sakafuni. Mama Kunegunda akakaa kwenye kochi la peke yake. Alilitazama pango, akazitazama nyasi, akatikisa kichwa kidogo kwa kuridhika. Nikavimba. Tumpe naye alikaa karibu na mlango, alisema amekuja kwa ajili ya wali.

Mzee Hironimus, mume wa Mama Kunegunda, alipewa Injili asome, kwa sababu ana sauti nzuri ingawa macho hayana nguvu, lazima alete kitabu puani. Alikuwa amefika pale Maria na Yosefu wanapokosa nafasi, ndipo Rupert akarudi amelowa. Akapita kimya, akafungua mlango wa chumbani ili abadili shati.

Meneja akatoka.

Alisimama katikati ya sakafu. Alinusa kiatu cha Mama Kunegunda. Halafu akaelekea kona ya kushoto, hana wasiwasi wowote, anakwenda mahali anapopajua. Akawaruka wachungaji wawili. Akamwangusha ngamia. Akajigeuza mara mbili juu ya nyasi, akakaa sawasawa ubavuni mwa Mtoto Yesu, akavuta unyasi mmoja na kuanza kuutafuna, macho yamelegea. Chini ya nyasi kulikuwa na boksi, na boksi lina sauti. Tuliisikia ya kwanza. Tukasikia ya pili. Baada ya hapo sikuhesabu.

Shingo zote ziligeukia kona. Ila Mzee Hironimus, kitabu kiko puani, akaendelea kusoma mambo ya hori na nguo za kitoto.

Rupert alisimama kwenye mlango wa chumbani, vifungo viwili vimefungwa, vingine bado. Aliona pango, aliona kona, aliona Meneja alipokaa. Alimtazama Tumpe, ambaye ni shahidi. Kisha akanitazama mimi.

"Masharti ni masharti, Mama Noela," akasema polepole. "Siku moja tu alikuwa amebakiza. Sala ikiisha nitamchinja mwenyewe, usimpe mtu mwingine."

Akavuka sebule, akainama, akamnyanyua. Na sungura wala hakuhangaika, alijilaza kwenye mkono wake, unyasi bado mdomoni.

Sasa niwaambie. Kila nilichotaka kilikuwa kimekuja chenyewe. Nyama ilikuwa imepatikana, maji yanachemka, vitunguu vimekatwa. Masharti yalikuwa yangu na nilikuwa nimeshinda bila kusema uongo hata mmoja, ilikuwa inatosha ninyamaze. Lakini nilimwona mgongo alipokuwa anageuka. Ndivyo alivyoingia nao siku ile ya barua, umepinda hapa juu, kana kwamba ameambiwa kosa ambalo hakulifanya naye ameamua kulikubali. Roho iliniuma kwa namna ambayo sikuitarajia, na hasira zikanipanda, na kwa mara ya kwanza zilikuwa ni za kujichukia mimi.

"Hajakosea," nikasema.

Mama Kunegunda akageuka. "Nani hajakosea?"

"Sungura. Hajakosea kitu." Nilisimama, maana kwetu mtu akiungama anasimama au anapiga magoti, na magoti yangu yalikuwa yamechoka na ile sakafu. "Kona ile ni yake. Nyasi ni zake, mume wangu amezikata na kuzianika mwezi mzima. Choo chake nimekificha stoo mimi, kwa kuwaonea aibu ninyi. Amekuja alipofundishwa, amekuta nyasi zake, amefanya kazi yake. Huyu sungura hakumfuata Mtoto Yesu. Ni mimi niliyemweka Mtoto Yesu chooni kwake."

Mzee Hironimus akaacha kusoma.

"Na zile tatu za chini ya kochi, Baba Noela, nilizimwaga mimi. Nilitaka nyama."

"Najua," akasema Rupert.

"Najua kwamba unajua. Nasema ili nao wajue."

Mvua batini. Nilikuwa nasubiri Mama Kunegunda ainuke, aniondolee pango, aseme zamu yetu imefutwa na jina letu limechafuka jumuiya nzima. Alivua miwani yake. Aliinama, kwa taabu, akachungulia chini ya kochi lake, na chini ya kiti cha jirani, na kando ya ukuta. Akarudi kukaa.

"Sakafuni hakuna hata moja," akasema.

"Hakuna," Rupert akajibu. "Tangu Jumapili ya kwanza ya Majilio."

"Amejifunza kwa muda gani?"

"Miezi miwili."

Mama Kunegunda akavuta pumzi ndefu. "Kule Bethlehemu palikuwa na ng'ombe na punda," akasema. "Sijasikia popote kwamba waliomba ruhusa kutoka nje. Huyu asamehewe." Kisha akamgeukia mumewe, aliyekuwa bado ameshika Injili. "Miezi miwili, Hironimus. Sungura. Mimi na wewe tuna miaka thelathini na mbili, na tundu la choo mpaka leo unalikosa."

Tumpe ndiye aliyeanza. Alicheka akaanguka na kiti chake. Baada ya hapo ilikuwa haizuiliki, wamama walishikana, watoto walipiga mikono sakafuni, na Mzee Hironimus mwenyewe alijifunika uso kwa kitabu kitakatifu na tumbo likawa linamruka. Rupert hakucheka. Alinikabidhi Meneja, akapiga magoti mbele ya pango, akaondoa nyasi zilizochafuka zote, akaleta nyingine kutoka chini ya kitanda, akazinusa kwanza, akazitandika vizuri na kumsimamisha ngamia. Alipoinuka alikuwa amenyooka. Alisimama kama alivyokuwa akisimama kwenye mlango wa ghala lake, mzigo umekaguliwa na hauna kasoro. Nilikuwa na sungura mikononi kwa mara ya kwanza tangu aje, wa moto, moyo unamwenda mbio, na nilimpenda mume wangu mpaka nikaona haya mbele za watu.

Tulikula wali, maharage, na usipa, dagaa wetu wa Ziwa Nyasa. Mama Kunegunda aliipekua sahani yake kwa kijiko.

"Mama Noela, uliniambia nyama ipo."

"Ipo," nikamwambia. "Ile pale, inatembea."

Jumatatu ya kwanza ya Januari nikasikia hodi. Alikuwa Mzee Hironimus, amechana nywele, amevaa koti. Alisema mkewe amemtuma kwa Rupert ajifunze ufugaji wa sungura, ila alilisema hilo akitazama chini. Nilikazana kukanyaga cherehani nisicheke. Rupert alimpokea kwa heshima zote, akamuuliza habari za nyumbani, akamvutia kiti. Kisha, kabla hata mgeni hajakikalia, nikamsikia anamwambia kwa ile sauti yake ya ghalani:

"Chai inakuja, mzee mwenzangu. Lakini twende kwanza nikuonyeshe choo kilipo."